Barua ya wazi: Msinikatie dawa kwa tarehe ambayo hata si yangu

Kikuyu, Dodoma
Februari 2026

Kwa Ndugu Mganga Mfawidhi,
Wajumbe wa Kamati ya Dawa na Tiba,
na maofisa wa bima mnaopitisha vibali hapo hospitalini.

YAH: KUKATIWA DAWA ZA HOMONI AKINA MAMA TULIOVUKA MIAKA 60

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mbukwenyi. Kwa mliohamia Dodoma juzi na ofisi zenu, hiyo ni salamu ya wenyeji. Itikieni tu, Kigogo hakiumi.

Jina la hospitali sikuliandika na sitaliandika. Mnajijua. Sikusudii kumchafua mtu, maana watoto wangu wawili walizaliwa kwenye wodi zenu, na mwaka 2009 mliniokoa maisha. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezimaliza. Septemba mwaka jana nilileta barua kwa katibu muhtasi, akaigonga muhuri wa "imepokelewa". Oktoba nikatumbukiza nakala kwenye sanduku la maoni, lile lenye kufuli iliyoota kutu. Nilivyosukuma bahasha nikasikia inaangukia bahasha nyingine. Desemba nilionana na ofisa mmoja, akaniambia suala langu liko mezani. Januari nikarudi, nikaambiwa mwenye meza kahamishwa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Nimefundisha shule za msingi tangu 1985, kwanza Bahi, kisha hapa mjini, mpaka nilipostaafu mwaka 2022. Mwaka 2009 uvimbe kwenye kizazi ulinitoa damu mpaka nikaongezewa chupa tatu, na madaktari wakaamua kuondoa kizazi pamoja na ovari zote mbili. Nilikuwa na miaka 47 hivi. Wenzangu hedhi huwakatika taratibu, mwezi inakuja, mwezi inakosa, miaka inapita mwili ukijizoeza. Mimi niliingia chumba cha upasuaji asubuhi nikiwa mwanamke wa makamo, jioni nikatoka nikiwa nimeshavuka ukomo wa hedhi. Homoni ya estrojeni inayotengenezwa na ovari ilikatika siku moja kama umeme.

Bingwa wa wakati ule, mzee wa watu ambaye sasa amestaafu, alinikalisha na kunieleza kwa lugha ninayoielewa. Akaniandikia kidonge kimoja kidogo cha estrojeni kila siku. Nimekimeza tangu 2010, jioni, na chai. Kila mwaka alinipima presha na sukari, akanipapasa matiti, akauliza ninavyolala, tukajadili kama niendelee au nipunguze. Mara moja tulipunguza. Hayo yalikuwa matibabu, na sikuwahi kulalamika hata foleni ilipofika nje ya geti.

Agosti 2025 nikamkuta daktari mpya. Kijana mpole, ana adabu, alinipa shikamoo kabla sijakaa. Akafungua kompyuta, akasoma, akanyamaza. Kisha akasema, "Bibi, hizi dawa mbona za wasichana?" Nikacheka, nikadhani utani. Akasema kwa umri wangu hawaandiki tena, zitaniletea kansa ya titi na ya kizazi. Nikamuuliza, "Mwanangu, kizazi kipi?" Akarudi kwenye kompyuta. Kizazi changu kiliondolewa jengo la pili kutoka pale alipokuwa amekaa, na kwenye faili kimeandikwa. Hakuwa amefika huko. Alikuwa amesoma juu tu, mahali palipoandikwa tarehe ya kuzaliwa.

Nilitoka na karatasi ya vitamini.

Wiki tatu baadaye moto ukaanza. Wanaume na wasichana mnaosoma, nawaeleza mara moja tu. Linaanzia kifuani joto kama mtu kafungua mlango wa tanuri, linapanda shingoni, usoni, masikio yanawaka, halafu jasho linamwagika na baridi inafuata. Kwangu ni mara saba au nane kwa usiku. Mnajua upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane, watu wamejifunika mablanketi mawili. Mimi nilikuwa sakafuni, kwenye saruji tupu, dirisha wazi, khanga imelowa unaweza kuikamua. Baba Neema alikuwa anaamka kunifunika, namfukuza, anaamka tena. Mwisho akahamishia godoro lake sebuleni, si kwa ugomvi, kwa usingizi tu. Asubuhi mtu wa hesabu nasimama dukani nashindwa kujumlisha mafuta na sukari.

Sasa malalamiko yangu, na ya wenzangu ambao wameniomba niyaseme.

1. Mmepima tarehe, hamkutupima sisi.

Kwenye kadi yangu imeandikwa nimezaliwa 01/07/1962. Nataka niwaambie siri ya tarehe hiyo. Mama yangu hakujua kusoma. Alichojua ni kwamba alinizaa usiku, kwenye zile mvua kubwa zilizofuata Uhuru, maji yakiwa yameingia ndani ya tembe. Nilipopelekwa shule, mwalimu mkuu alihitaji kujaza kisanduku, akajaza Julai mosi. Sasa niambieni, nyie mnaoishi hapa, Julai gani Dodoma ilinyesha hata tone? Nusu ya darasa letu lilizaliwa Julai mosi. Wengine Januari mosi. Serikali ilinistaafisha kwa tarehe hiyo na sikugombana nayo, maana kazi lazima iwe na mwisho na mwisho lazima uandikwe mahali. Ila mwili wangu haukuwepo wakati mwalimu mkuu anajaza kile kisanduku.

Tangu Agosti hadi leo nimeonwa na madaktari watatu wa kwenu kuhusu suala hili. Hakuna aliyenipima presha kabla ya kusema hapana. Hakuna aliyeuliza kama kuna mtu kwetu aliyeugua kansa ya titi, au kama nimewahi kupata damu kuganda mguuni. Hayo ndiyo maswali yenyewe. Mwanamke aliyewahi kuugua kansa ya titi, au kiharusi, au damu kuganda, au mwenye ini bovu, au anayetokwa damu isiyojulikana chanzo, huyo kumnyima vidonge vya homoni ni kumtendea haki hata kama ana miaka 51. Na mwingine ana miaka 64, presha yake imetulia kuliko ya daktari wake. Umri ni kitu kimoja cha kuangaliwa, tena kikubwa, sibishi. Kwenu umekuwa kitu pekee.

2. Mnatutisha kwa hesabu ambayo hamjaifanya mpaka mwisho.

Hapa mtanivumilia, ni kazi yangu.

Hofu hii yote ina mzizi mmoja, utafiti wa Marekani uitwao Women's Health Initiative. Binti yangu mmoja ni mfamasia. Nilimwomba anitafutie, akanisomea takwimu, nikazichora ubaoni (bado nina ubao nyuma ya nyumba, watoto wa jirani huja jioni). Utafiti ule ulikuwa na sehemu mbili, na kila ninayeongea naye anaijua moja tu.

Sehemu ya kwanza ilikuwa na wanawake 16,608 wenye vizazi vyao. Nusu walimeza estrojeni pamoja na projestojeni (homoni ya pili, ya kulinda kizazi), nusu wakameza vidonge visivyo na dawa. Ilisimamishwa Julai 2002, na magazeti ya dunia nzima yakapiga yowe. Nini kilionekana? Chukueni wanawake 10,000, muwajaze Uwanja wa Jamhuri, muwafuatilie mwaka mzima. Kati ya 10,000 wasiotumia homoni, 30 walipata kansa ya titi. Kati ya 10,000 waliotumia, 38. Waliongezeka wanane. Wanane ni watu, kila mmoja ana watoto wanaomwita mama, sifanyi mzaha. Kiharusi nacho kiliongezeka kwa wanane hivi, na damu kuganda kwenye mapafu vilevile. Upande wa pili, waliovunjika nyonga walipungua kwa watano na waliougua kansa ya utumbo mpana wakapungua kwa sita. Hizo ni baadhi ya namba zenyewe. Mwanamke anaweza kuzitazama akasema hapana, sitaki hata hatari ya mmoja. Mwingine asiyelala usiku akasema ndiyo. Ila awekewe namba mezani, asitajiwe neno "kansa" halafu mlango ufungwe.

Tena wastani wa umri wa wanawake wale walipoingia kwenye utafiti ulikuwa miaka 63. Wengi wao walianzishiwa homoni zaidi ya miaka kumi baada ya hedhi kukoma. Wataalamu waliochambua upya wakaona kwamba anayeanza akiwa bado chini ya miaka 60, au ndani ya miaka kumi tangu hedhi ikome, faida yake kwa kawaida huzidi hatari. Anayeanza kwa kuchelewa, hatari ni kubwa zaidi. Mimi nilianza na miaka 48. Leo siombi kuanza, naomba kuendelea, na kwenye sarufi hayo ni maneno mawili tofauti.

Sasa sehemu ya pili, ambayo ndiyo yangu. Wanawake 10,739 waliokwisha kuondolewa kizazi, waliomeza estrojeni peke yake au kidonge kisicho na dawa. Nayo ilisimamishwa, mwaka 2004, na sababu ilikuwa kiharusi: kama kumi na wawili zaidi kwa kila 10,000 kwa mwaka. Kansa ya titi haikuongezeka. Walipoendelea kufuatiliwa miaka mingi, waliomeza estrojeni walikuwa na kansa ya titi chache kuliko wenzao. Kuhusu kansa ya kizazi, ni kweli estrojeni ikitumiwa peke yake na mwenye kizazi huongeza hatari ya kansa ya ukuta wa ndani wa kizazi, ndiyo maana huongezewa projestojeni. Mimi kizazi sina.

Kwa hiyo yule kijana alinijibu swali la jirani. Angeniambia, "Mama, kwa umri wako naogopa kiharusi, tupime presha, tupunguze dozi, au tuhamie ile ya kupaka kwenye ngozi ambayo haipiti kwanza kwenye ini na haina hatari ileile ya kugandisha damu," ningemsikiliza mpaka mwisho na pengine ningemwombea dua. Huyo angekuwa daktari anayenijua.

Na msiseme dunia nzima imekubaliana kuacha kwa umri. Chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Amerika Kaskazini, katika tamko lake la mwaka 2022, kilisema hakuna kanuni ya jumla ya kumwachisha mwanamke homoni kwa kuwa tu amevuka 60 au 65. Aangaliwe yeye mwenyewe, mara kwa mara. Na Novemba 2025 Marekani kwenyewe, kule hofu ilikoanzia, mamlaka yao ya dawa ilitangaza kuondoa mengi ya yale maonyo mazito yaliyokuwa yakibandikwa juu ya makasha ya dawa hizi.

3. Mlikata ghafla.

Hata ng'ombe humwachishi ndama kwa siku moja. Nilitoka kwenye kidonge kila siku kwenda kwenye sifuri bila hata wiki mbili za kupunguza, wakati bingwa wangu wa zamani alinionya nisije nikaacha ghafla, moto utarudi wote kwa pamoja. Badala yake nimepewa, kwa zamu: vitamini, dawa ya usingizi, dawa ya maumivu ya viungo, na Novemba nikaandikiwa dawa ya msongo wa mawazo. Zipo dawa za aina hiyo zinazosaidia joto kwa asiyefaa homoni, najua, lakini daktari aliyeniandikia hakunieleza hivyo. Alisema "zitakutuliza". Nilipokataa akauliza kama nina mtu nyumbani wa kunisindikiza kuonana na daktari wa akili. Hapa Dodoma hiyo sentensi haihitaji tafsiri. Kila mtoto anaijua barabara ya Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Sina dharau na wagonjwa wa akili, nimeuguza ndugu. Nasema tu sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa sijalala siku tisini.

4. Mnalipia ugonjwa, mnanyima kinga.

Hili linawahusu zaidi maofisa wa bima, na naomba wanaume wasikimbie.

Estrojeni ikipungua, uke hukauka na ngozi yake huwa nyembamba, na njia ya mkojo nayo hivyo hivyo. Matokeo yake ni kuwashwa, kubanwa mkojo kila saa, na U.T.I. isiyoisha. Dawa yake mahususi ni krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, hatari zile za vidonge hazihamii huko, na imeonekana kupunguza U.T.I. zinazojirudia kwa wanawake waliokoma hedhi. Tyubu moja hutumika kwa wiki kadhaa.

Tangu Septemba nimeugua U.T.I. mara nne. Kila mara: kadi, kumwona daktari, kipimo cha mkojo, antibayotiki. Ya Desemba iligoma vidonge, wakaotesha mkojo maabara, wakakuta kidudu sugu, nikachomwa sindano asubuhi na jioni kwa siku tano. Yote hayo bima ililipa bila kuuliza swali. Nilipopeleka cheti cha krimu, dirisha lilinijibu, "Haipo kwenye mafao, Mama, kanunue nje." Nje nako ni wapi? Nimezunguka maduka ya dawa kuanzia Uhindini mpaka Majengo. Duka la tatu binti wa kaunta aliniuliza kwa sauti, watu wamejaa, "Ya kupaka wapi?" Hatimaye huletwa kutoka Dar es Salaam, mpwa wangu huipakia na mtu anayekuja kwa treni ya SGR, mimi namsubiri stesheni na kikapu kama napokea samaki. Vidonge vyangu navyo sasa huja kwa njia hiyohiyo, na bei yake inakula robo ya pensheni ya mwezi.

Fanyeni hesabu, ni nyepesi kuliko ile ya 2002. Vipimo vinne, antibayotiki za awamu nne, sindano kumi, upande mmoja. Tyubu upande wa pili. Mnaokoa nini?

Kuna jambo sikutaka kuliandika ila mwenyewe ameniruhusu. Kwenye foleni ya Novemba nilikaa na mama mmoja kutoka Chamwino, mkubwa kwangu. Aliniambia kwa sauti ya chini, akitazama mlango, kwamba amehamia kulala na wajukuu kwa sababu mumewe akimkaribia anaumia mpaka machozi. Mzee ameshaanza kuuliza majirani kama mkewe ana mtu. Miaka yote ya ndoa, na mashaka yanaingia kwa sababu ya kukosa krimu. Hajawahi kumwambia daktari. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Nitaanzaje? Ni mtoto wa kiume, umri wa mwanangu wa mwisho."

5. Kibali cha kila mwezi.

Kabla hamjakata kabisa, miezi ya mwisho mlikuwa mmeanzisha utaratibu kwamba cheti kiandikwe na bingwa, kidumu siku thelathini, na kipate kibali upya. Bingwa anaona wagonjwa siku moja kwa wiki. Anayetoka Kongwa au Mpwapwa anapanda gari alfajiri, anafika namba zimeisha, analala kwa ndugu. Mwenye presha hupewa cheti cha miezi kadhaa. Homoni mnaihesabu kama bangi.

Nimeshayasikia majibu yenu, kwa hiyo niyajibu mapema.

Mtasema bibi zetu walivumilia. Walivumilia, ni kweli. Bibi yangu mzaa mama alivunjika nyonga akichota maji, akalala kitandani mwaka mzima, akafa. Tuliita uzee. Hakuna aliyejua kwamba mifupa ya mwanamke huanza kwisha kwa kasi hedhi inapokoma, na kwamba estrojeni huilinda. Waliovumilia hatukuwauliza, tuliwazika.

Mtasema ukomo wa hedhi si ugonjwa, ni hali ya asili. Nakubali. Kuzaa nako ni hali ya asili na mmejenga wodi nzima.

Mtasema hakuna bajeti na wagonjwa wa dawa hizi ni wachache. Wachache mnawaona kwa sababu wengi hawajui kama kuna dawa, na wale wanaojua mnawarudisha mlangoni. Mahitaji hupimwa kwa kilichoombwa. Nasi tukiomba mnaandika vitamini. Kwenye takwimu zenu mimi ni mgonjwa wa U.T.I. aliyehudumiwa vizuri mara nne.

Mtasema daktari ana haki ya kukataa. Anayo. Ila akatae baada ya kuniona, na aandike sababu.

Ninachoomba ni hiki, na nimekiandika kifupi ili kisomeke kwenye kikao kimoja.

Kwanza, kila mama anayetumia homoni akaguliwe mara moja kwa mwaka: presha, matiti, historia yake na ya familia, na mazungumzo ya dakika kumi na tano. Uamuzi wa kuendelea, kupunguza, kubadili au kuacha utoke hapo, si kwenye tarehe ya kuzaliwa. Ikiamuliwa aache, apunguziwe taratibu na aelezwe kwa maneno.

Pili, akishakaguliwa, apewe cheti cha miezi mitatu mitatu.

Tatu, Kamati ya Dawa na Tiba iingize estrojeni ya vidonge na krimu ya ukeni kwenye orodha ya manunuzi ya hospitali, hata makopo machache kwa kuanzia, na maofisa wa bima wapeleke makao makuu pendekezo la krimu hiyo kuwa kwenye mafao. Bunge lilishapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kwenye hao "wote" na sisi tumo.

Nne, kliniki ya akina mama iwe na muuguzi wa kike, mtu mzima, wa kuuliza maswali ambayo yule mama wa Chamwino hawezi kuyaanza mwenyewe. Wauguzi hao mnao; nimewaona wakigawa namba.

Tano, mnijibu kwa maandishi ndani ya siku thelathini. Siku thelathini ni kipimo chenu wenyewe, ndicho mlichokipa cheti changu.

Nyongeza kwa yule daktari kijana, endapo barua hii itamfikia. Mwanangu, sina kinyongo na wewe. Ulifundishwa neno moja lililotangulia kuzaliwa kwako au lililokukuta mdogo, na foleni mlangoni ilikuwa ndefu. Nilikusikia ukimwambia muuguzi hujala tangu asubuhi. Siku nikirudi nitakuja na muhogo wa kuchemsha na karanga, tule, halafu ufungue faili ukurasa wa 2009 tuanzie hapo.

Nitakuwepo mapokezi Jumatatu ya kwanza ya Machi, saa mbili asubuhi, pamoja na wenzangu sita. Mmoja anatembelea fimbo, mtuandalie kiti. Namba ya faili langu mnayo. Tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa humo ndani msiitegemee sana.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Kikuyu, Dodoma

Nakala: Sanduku la maoni (tafadhali lifunguliwe).